Sakafu ni Sawa kwa Nani?

Wanachama wenzangu, neno "sawa" halitutoki mdomoni: tunalitumia kukubali, kuagana, hata kumaliza ubishi. Mimi nasomea uhandisi wa majengo hapa Uingereza, na somo la sakafu za maghala limenifunza kulitamka kwa uangalifu.

Fundi wa nyumbani hukagua sakafu kwa uzi na pimamaji, na kwa nyumba ya kuishi hilo latosha. Kwenye ghala maswali ni mawili. Je, uso una vinundu na vibonde? Na je, sakafu imelala sawa au imeinama upande? Sakafu yaweza kuwa laini kama kioo na bado ikawa imeinama. Ndiyo maana TR34, mwongozo wa Concrete Society unaotumika hapa, huyapima mambo hayo mawili kila moja peke yake.

Mwongozo huo pia hutenganisha mahali ambapo foklifti huzunguka itakavyo na vichochoro vyembamba kati ya rafu, ambamo magurudumu hupita mstari uleule siku zote. Humo, vipimo huchukuliwa kwenye mistari ya magurudumu yenyewe. Masharti hukaza kadiri rafu zinavyopanda: hadi mita 8, kutoka 8 hadi 13, na zaidi ya 13.

Sababu yake ni hesabu ya darasa la saba. Tuseme magurudumu ya kushoto na kulia yameachana mita 1.5, na moja liko chini kwa milimita 5. Mlingoti ukiinuliwa mita 12, yaani mara 8 ya upana huo, ncha yake huhama milimita 40. Hapo foklifti imesimama tu. Ikitembea, huyumba zaidi. Na katika baadhi ya mashine hizo dereva hupanda juu pamoja na mzigo.

Dawa ipo: mistari ya magurudumu husagwa kwa mashine. Lakini kusaga ni gharama, na rafu zikishafungwa kazi huwa ngumu zaidi. Heri kuuliza kabla zege halijamwagwa: nani atapita hapa, na atapanda mita ngapi?

Kwa hiyo mtu akisimama chini na kuniambia sakafu iko sawa, namuuliza: sawa kwa nani? Ninayemfikiria ni dereva aliye juu.