Moyo wa kaka ulipowekwa kwenye mizani

Kaka yangu alianguka kwenye foleni ya maji asubuhi, ndoo bado mkononi. Hakuwa ameumwa hata siku moja, na hilo ndilo lililotuponza. Kwetu mtu mzima akifa ghafla hivyo, anatafutwa aliyemuua. Jioni ile ile mtu alishapatikana: mama mmoja jirani, kwa sababu jana yake alimletea kaka sahani ya ugali na sombe. Watu wakaanza kukwepa mlango wake.

Polisi walitaka maiti ipasuliwe. Baba mdogo akakataa: "Mutu amekufa, munataka tena kumuchinja?" Mimi ndiye niliyetia sahihi. Siyo kwamba nilikuwa na akili kuliko wengine. Nilitaka tu kujua ni sumu gani.

Ripoti nilisomewa na daktari, kisha nikawatafsiria wazee. Moyo wa mtu mzima una uzito wa kama gramu 300. Wa kaka ulikuwa gramu 540. Nikasema, "Moyo wake ulikuwa mkubwa." Baba mdogo akaitika, "Ndiyo, alikuwa na roho kubwa, alisaidia batu." Nikakwama pale, sikujua nimsahihishe vipi.

Ilikuwa presha, ya miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumpima. Presha ikiwa juu, moyo unasukuma damu kwa nguvu zaidi, na nyama yake inanenepa kama mkono wa mtu anayetwanga kila siku. Lakini nyama hiyo nene inahitaji damu nyingi kuliko inayoifikia, na mapigo yanaweza kuvurugika wakati wowote. Moyo unatetemeka tu bila kusukuma, damu haifiki kichwani, mtu anaanguka. Mtetemeko wenyewe hauachi alama, daktari alisema. Kinachobaki cha kuonekana ni unene na makovu.

Vijana waliniuliza kama ndiyo ile ya Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28. Kwake pia upasuaji ulikuta nyama ya moyo imenenepa, ila ule ni ugonjwa ambao mara nyingi unarithiwa, siyo wa presha. Kinachofanana ni kwamba wote wawili walionekana wazima kabisa.

Mimi nilikwenda kupimwa wiki ile: 170 kwa 100. Sasa nameza vidonge kila siku, na sisikii maumivu yoyote, kama yeye tu.

Majibu ya mkemia yalichelewa. Yaliporudi, hakuna sumu, yule mama alikuwa ameshaomba kuhamishiwa zoni nyingine. Nilimfuata huko na karatasi mkononi. Hakuipokea.

"Nimesikia," akasema. "Na sahani yangu iko wapi?"

Ilikuwa bado kwetu, chini ya kitanda. Hakuna aliyethubutu kuilia.