Kutoka Msangano Kuvifuata Vitabu vya Picha

Kwetu Msangano, wilaya ya Momba mkoani Songwe, kitabu ni cha kusomea mtihani. Kinapita mikononi mwa watoto wengi, jalada linachanika, kurasa za mwisho zinapotea, basi. Kwa hiyo niliposikia kwamba Dar es Salaam wapo watu wanaonunua kitabu kwa uzuri wake na kukitunza miaka nenda rudi, nilitaka niwaone kwa macho yangu.

Nilidamka nikapanda gari la Tunduma, na pale, kando ya foleni ya malori ya Zambia, nikaingia kwenye basi. Mbeya, Makambako, Iringa. Kwenye kona za Kitonga nilishikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mikumi abiria walisimama wote kutazama twiga. Usiku tukashuka kituo cha Magufuli, Mbezi, na joto likanipokea kabla ya ndugu yangu.

Asubuhi nikafika Posta. Pembeni mwa barabara mzee mmoja alikuwa ametandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unatafuta cha darasa la ngapi?”

Nikamwambia sitafuti cha shule, natafuta kizuri. Uso ukamchangamka. Akavuta boksi lililokuwa nyuma yake, akatoa vitabu viwili vyembamba alivyovifunga kwa nailoni: tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia moja ya Shakespeare. Cha kwanza ni cha 1963, kinaitwa Julius Caezar. Cha pili ni cha 1969, Mwalimu amekwisha kuirekebisha kazi yake, na sasa kinaitwa Juliasi Kaizari. Hadithi ni ile ile, nikashangaa mtu atake vyote viwili vya nini. Mzee akafunua ukurasa wa jina, akaugeuza, akaweka kidole panapochapwa mwaka. “Wenzako wanaanza sura ya kwanza,” akasema. “Mimi naanzia hapa.”

Nikavishika vyote viwili kwa pamoja. Karatasi zilikuwa zimekuwa kahawia pembezoni, zinanukia vumbi na gundi. Hapo ndipo nilipoonja raha yenyewe: mkononi nilikuwa na Rais wa nchi changa, mwenye shughuli za taifa zima, anayerudia sentensi zake kwa sababu hazijamridhisha. Kitabu kimoja peke yake kisingenionyesha hilo.

Kesho yake, sasa nikifuata picha, nilikwenda Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Mtindo huu ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyekuwa akichora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na wanafunzi wake wakaendeleza. Nilisimama muda mrefu nyuma ya kijana mmoja akichora. Anafanya kama mama zetu wanavyokandika nyumba: kwanza anapaka rangi ya chini kote na kuiacha ikauke, ndipo anaweka mnyama, na mwisho kabisa urembo, nukta moja moja.

Nilipomwambia nimetoka Songwe, akaingia ndani akarudi na kitabu chenye jalada gumu, maandishi ya Kijerumani. Mchoraji na mtunzi wake ni John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, kwa majirani zetu! Alikuja Dar es Salaam akajifunza Tingatinga, na kitabu hiki kikatoka Uswisi mwaka 2001. Sikujua neno la Kijerumani, wala sikulihitaji. Sokwe mvuvi anapeleka samaki sokoni, Mbwa anamwandama, na wanyama wote wamevaa nguo kama watu wa gulioni. Rangi zimekolea, karatasi nene, mshono wa uzi unaonekana katikati. Nimeona vitabu vingi safari hii; hicho ndicho kilichonishinda nguvu. Inaniuma kwamba mtoto wa Zürich alikifunua kabla ya mtoto wa Momba.

Nilimwomba yule mzee wa Posta ushauri wa kutunza, nami nakupa wewe unayesoma. Kitabu cha zamani chenye picha, hata kama kimechakaa, kisifungiwe maandazi wala karanga. Kitazame mwaka, kipanguse kwa kitambaa kikavu, kiweke juu, mbali na ukuta wa udongo, maana mchwa huanzia hapo. Na ukiwa na duka la vifaa vya shule Tunduma, tafadhali agiza vitabu vya Kilaka. Mnunuzi wa kwanza nitakuwa mimi.