Morogoro Stores, kijiwe cha rangi kilichompa mdogo wangu usingizi

Wiki hii sikupeleki Bagamoyo wala Zanzibar. Nakupeleka hapahapa Dar, kwa nauli ya daladala tu, mpaka Morogoro Stores kule Oysterbay. Wengi wetu tunapapita tukiwa tumebanwa dirishani, tunaona picha za rangi kali zimetundikwa, tunajisemea "hizo za wazungu hizo", safari inaendelea. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, mpaka yaliponikuta.

Mdogo wangu wa mwisho yuko kidato cha pili. Mwezi wa nne alipanda bodaboda na rafiki yake. Rafiki hakurudi. Yeye alivunjika mkono wa kushoto. Mkono ukapona, mdomo ukafungwa. Ukimwuliza kitu anaitikia kwa kichwa. Usiku halali, anakaa barazani mpaka adhana ya alfajiri. Mama aliomba dua, shangazi akaleta kombe, hospitali nako tukaenda. Daktari akatupangia kliniki kila baada ya wiki mbili, kisha akaniambia pembeni: "Hizo siku za katikati mtafutieni kazi ya mikono. Yoyote, ilimradi isiwe simu."

Kazi gani sasa? Ndipo nikazikumbuka zile picha.

Jumamosi saa nne asubuhi tukashuka Barabara ya Haile Selassie. Pale pua inatangulia kufika kabla ya macho: harufu ya rangi ya mafuta. Kisha macho nayo yanachanganyikiwa. Picha ukutani, picha sakafuni, picha zimeegeshwa barazani: simba, twiga, tausi, samaki, viboko wanacheka. Wachoraji wenyewe wamekaa chini, makopo pembeni, redio inaimba taarabu. Hakuna aliyekuwa na haraka. Kwa mji huu, hilo peke yake ni utalii.

Mahali hapa pana historia, si mchezo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alihangaika na maisha kama vijana wengi, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar kutafuta riziki. Wakati fulani alifanya kazi hata Muhimbili, akiwa mhudumu wa wagonjwa. Mwaka 1968 akaanza kuchora, hajasomea popote. Alichukua vipande vya silingibodi na rangi za kupaka baiskeli, akawa anauza picha zake hapahapa Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa akiwa na miaka 40. Miaka minne tu ya kuchora, na dunia nzima inalijua jina lake! Ndugu na wanafunzi wake hawakuuacha mchezo ule ufe, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikasajiliwa.

Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa anamalizia tausi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza shida yangu kwa sauti ya chini. Hakuuliza maswali. Alimsogezea mdogo wangu kigoda, akampa ubao mdogo wenye kanga, yule ndege, amechorwa mwili mzima mweusi, hana doa hata moja. Akamwambia: "Kanga bila madoa ni kunguru tu. Haya, mpe madoa yake. Moja moja."

Basi kijana akaanza. Doa. Doa. Doa. Mwanzo mkono ulitetemeka, rangi ikachuruzika, mzee akaifuta kwa kitambaa bila kusema neno. Rangi hii haikimbizwi, ukiiwahi kabla ya kukauka inachafuka yote. Lazima usubiri, upumue, uendelee. Nikatazama saa: saa sita na nusu. Mtoto aliyekuwa hawezi kutulia dakika tano alikuwa ameinamia kanga zaidi ya saa mbili. Usiku ule alilala. Mama alikwenda kuchungulia mara tatu, haamini.

Sasa usiseme dada mwandishi kaanza uganga. Wenzetu Ulaya wanaiita tiba kwa sanaa, na jina hilo lilitokana na mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, mwaka 1942, baada ya kujiona anapata nafuu kwa kuchora alipokuwa amelazwa kwa kifua kikuu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora na kufinyanga. Kiasi cha robo tatu yao, homoni ya msongo ilishuka mwilini, na hata wasiojua kuchora walifaidika. Lakini tusidanganyane: kliniki hatujaiacha hata siku moja. Brashi haichukui nafasi ya daktari. Inampa mtu kitu kidogo cha kushika wakati kichwa kina dhoruba.

Tumeendelea kwenda kila Jumamosi. Ukienda na wewe, nenda asubuhi, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiondoke mikono mitupu, maana wale nao wana watoto.

Jumamosi ya tatu nilikuwa nimesinzia ukutani nikasikia sauti nyuma yangu.

"Dada, nyeupe imeisha."

Niligeuka polepole, nikiogopa nimeota. Alikuwa ameshika kopo tupu, ananitazama. Mzee hakuinua hata kichwa, alisukuma kopo jingine kwa mguu. Mimi nilitoka nje nikajifanya nanunua maji.

Yule kanga yupo sebuleni kwetu sasa. Mguu mmoja umechafuka nyeupe na madoa yamezidi upande wa kulia. Mgeni mmoja aliuliza bei. Nikamwambia aende Morogoro Stores, huyu hauzwi.