Kabla Uulize Inakimbia Aje, Uliza Nani Ataifungua

Kuna ubishi hauishi kwa steji za nduthi, kuanzia Olympic kule Kibera mpaka Congo huku Kawangware: nduthi imara ni gani? Wa Boxer wakishamaliza, wa TVS wakishajibu, lazima msee mmoja atoe simu akuonyeshe pikipiki za Wamarekani. Hapo ndipo jina la Buell huingia.

Kama hujawahi kuisikia, ngoja nikueleze. Erik Buell alikuwa injinia wa Harley-Davidson. Akatoka, na 1983 akaanza kuunda pikipiki zake za mashindano. Alitaka Marekani nayo iwe na nduthi ya mbio, si zile nzito za kuzurura tu. Na kichwa yake ilikuwa moto. Kwa zile modeli za XB za miaka ya 2000, petroli haikai kwa tenki ya juu, inakaa ndani ya fremu yenyewe. Oili iko ndani ya ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Bomba la moshi liko chini ya injini. Sahani ya breki ya mbele haijafungwa katikati ya gurudumu, imefungwa kwa rimu. Yote yana sababu: uzito ukae chini na katikati, gurudumu liwe jepesi, fremu isipindepinde, ndio ukikata kona ikutii.

Watu hugawanyika hapo. Wengine wanasema huyo mzee alikuwa noma. Wengine wanasema ni mkebe wa bei ghali, ati injini ya Harley ilikuwa inatetemeka kama posho mill. Mimi naona wote wanabishania injini, na swali haliko kwa injini.

Lete hiyo XB Gatwekera. Bomba liko chini ya injini, na hapa matuta na mawe hayakuulizi. Fremu ni ya alumini na ndani ina petroli, kwa hivyo ikipasuka, fundi wa kuchomelea wa jua kali atakuangalia tu akuambie pole. Ile breki nayo utaazima kwa nduthi gani? Hilo si kosa la Buell. Alichora chombo cha lami safi, na kando ya lami kuna mafundi na masanduku ya speya. Alijibu swali lake vizuri. Swali letu ni lingine.

Sasa angalia Boxer BM150. Silinda moja, cc 144.8, valvu mbili, inapozwa na upepo. Hakuna maajabu hapo. Lakini kijana wa kibanda kando ya Naivasha Road anaifungua bila kuangalia kitabu, na speya akikosa kwa duka la jirani, kuna mtu atamtolea Kirinyaga Road kabla jua lizame. Hiyo ndiyo uimara. Nduthi zote huharibika. Imara ni ile inarudi kazini siku hiyo hiyo.

Hii maneno nimeiona nyumbani. Nduthi ya kwanza ya kakangu ilikuwa ya kampuni sitaitaja, bei ilikuwa poa na ilikuwa inang'aa. Klachi ikaisha. Sahani zake hazikuingiliana na za nduthi yoyote mtaani, na aliyemuuzia akamwambia asubiri mzigo ufike. Alisubiri siku tisa. Mkopo haukusubiri hata moja. Hizo siku tulikula chapati za mathe, zile alifaa kuuza. Na hiyo nduthi ndiyo ilikuwa inalipa nusu ya karo yangu. Niliacha chuo kwa sababu nyingi, siwezi kuilaumu klachi pekee, lakini iko kwa hiyo orodha.

Turudi kwa Buell, kwa sababu mwisho wake ndio somo. Mwaka wa 2009 Danny Eslick alishinda ubingwa wa Daytona SportBike kule Marekani akiwa juu ya Buell 1125R. Oktoba 15, mwaka huo huo, Harley, ambao ndio walikuwa wenye kampuni, wakatangaza wanaifunga. Bingwa, halafu kufuli. Buell akaanzisha kampuni nyingine, EBR, na 2013 Hero ya India, hao hao wenye nduthi zao ziko hapa Nairobi, wakanunua karibu nusu yake. 2015 nayo ikasimama. Injini haikuwa imebadilika. Ofisi ndiyo ilibadilika.

Kwa nini nawaambia hii? Kwa sababu saa hii vijana wengi wa steji wanafikiria nduthi za stima. Na mimi nazipenda. Hakuna oili, hakuna petroli, hazipigi kelele. Lakini nyingi zinakuja na mpango wa kubadilisha betri, na betri si yako, ni ya kampuni. Unaipata kwa vituo vyao tu. Kampuni ikiamka siku moja ifunge kama Buell ilivyofungwa, wewe utabaki na fremu, magurudumu na deni. Buell akizimwa, tajiri wa Marekani anapoteza mchezo wake wa wikendi. Wewe unapoteza unga.

Sisemi usinunue. Nasema kabla uweke sahihi, uliza tatu: Betri ni ya nani? Naweza kuichaji nyumbani? Na hawa wakifunga duka, kuna fundi yeyote kati ya Kawangware na Kibera anaweza kuifungua?

Muuzaji akianza kukuambia inakimbia aje, bado hajakujibu.