Sweta la Masalio

Wengi wetu tukitaka kufuma sweta huanza na picha ya sweta, kisha huenda dukani kununua uzi wa kuitosha picha ile. Anayefuma kwa masalio hana nafasi hiyo. Yeye huanza na uzi alio nao, na sura ya sweta hutoka humo. Nimeona niwaeleze wasomaji wa gazeti letu jinsi nilivyoipanga kazi hiyo katika likizo ya Juni, maana wafumaji ni wengi hapa shuleni, na kila mmoja ana mfuko wa madonge madogo asiyojua ayafanyie nini.

Kwetu Njombe ni juu, kiasi cha meta 2,000 toka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai haina mzaha. Mdogo wangu yuko Darasa la Kwanza. Hutoka nyumbani kungali na ukungu, na sweta lake la zamani lilikuwa limepanda karibu na viwiko. Fedha ya kununua jingine haikuwapo. Kapu la nyuzi la Bibi lilikuwapo.

Humo nilikuta madonge manne: la bluu, la kijivu, jeupe na jekundu. Kabla ya kupima cho chote nilikata kipande kidogo cha kila uzi nikakichoma juu ya sahani. Sufu ikiungua hunuka kama nywele, kwa sababu nayo ni protini kama nywele, na majivu yake husagika vidoleni. Uzi wa kiwandani wa akriliki huyeyuka ukaacha punje ngumu. Madonge matatu yalinuka nywele. Jekundu liliacha punje. Basi nikaliweka kando. Wako wasemao kwamba ukifua kwa maji baridi nyuzi hizo mbili zakaa pamoja bila ugomvi, na ni kweli, lakini sweta la mtoto hufuliwa na ye yote aliye karibu na maji, moto au baridi. Sufu ikinywea na akriliki ikakataa, sweta huwa na mawimbi kama ziwa.

Kisha nikaenda kwa mwenye duka kuomba mizani. Bluu ilikuwa gramu 80, kijivu 45, nyeupe 25, jumla 150. Sweta la zamani la mtoto lilikuwa gramu 170, na kwa jinsi alivyokua nikakadiria 210. Zilipungua gramu 60, na hapo mtu hawezi kujidanganya, kwani hakuna ushonaji wa kuficha mkono mmoja usiokuwapo.

Uzi wa unene ule nyumbani ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa katika sweta la kahawia la marehemu Babu, ambalo Bibi alilifuma mwenyewe, na ambalo limetundikwa nyuma ya mlango tangu alipofariki. Sikuthubutu kulitaja. Nilimwonyesha Bibi hesabu yangu tu. Aliitazama kwa muda, akaenda akalileta lile sweta akaniwekea mapajani.

“Viwiko vimekwisha,” akasema. “Fumua mikono, mjukuu wangu. Kiwiliwili niachie mimi, nitakivaa.”

Mikono iliyofumwa kuanzia kiganjani kwenda juu hufumuka kuanzia begani. Kwa hiyo uzi mzima ulitangulia kutoka, na tulipofika kwenye viwiko tukakata. Tulipata gramu 70. Uzi uliofumuliwa hujikunja kunja, wala haufai kufumwa vivyo hivyo. Tuliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukaufunga mahali panne, tukaufua kwa maji ya uvuguvugu, tukautundika na chupa yenye maji kidogo chini yake mpaka ukanyooka. Huko Uingereza, nguo zilipogawiwa kwa kuponi tangu Juni 1941 mpaka Machi 1949, watu walifumua masweta yao vivi hivi.

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Mikono ifumwe kwanza, kwa kuwa ndiyo isiyokubali kutofautiana. Niligawa kahawia kwa mizani, gramu 35 kila mkono, nikaongeza pindo la bluu. Hivyo mikono ya Babu ikawa mikono ya mjukuu wake. Kiwiliwili kikachukua zilizobaki kwa milia. Kila mlia ulikuwa na safu mbili au nne, kamwe si tatu, ili uzi urudi upande ule ule ulikoanzia nisiukate. Uzi mweupe ulikuwa mwembamba, nikaufuma mara mbili kwa pamoja. Baada ya safu 20 za kifua nilipima tena: zimekula gramu 10. Tangu hapo sikuwa na wasiwasi, nilijua donge lipi litaishia safu ipi, na milia nikaipanga mbele na nyuma ilingane.

Mdogo wangu alilivaa siku shule zilipofunguliwa. Bibi naye huvaa kizibao chake cha kahawia chini ya kanga, na mashimo ya mikono nilimfumia pindo la bluu.

Bluu imebaki gramu 10. Lile donge jekundu nalo ni gramu 20, karibu kutosha kofia ya mtoto mchanga, na jirani yetu mmoja anatazamia kujifungua mwezi wa Septemba. Aliye na masalio mekundu yanayoyeyuka na anione bwenini.