Limewaka siyo limepona

Samahanini kwa ukimya, testi zilinibana. Jana usiku umeme ulikatika hapa hosteli, jenereta likaguna mara mbili kisha kimya. Wenzangu wakapiga mayowe, mimi nikacheka peke yangu. Nikakumbuka fildi yangu ya mwaka jana huko Kigoma.

Nilifikia kwa bibi, Kasingirima, upande wa Ujiji. Sisi watu wa Kigoma tumelelewa na mlio wa jenereta. Kwa miaka mingi umeme wa mji wetu ulitoka kwenye mitambo ya dizeli ya TANESCO, mpaka mwaka 2022 tulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa. Lakini gridi haiondoi jenereta la akiba. Hospitali haiwezi kumwambia mama mjamzito asubiri umeme urudi.

Basi nikapangiwa hospitali moja (jina tuliache), chini ya fundi mmoja mtu mzima. Jenereta lao kubwa lilikuwa na ugonjwa wa ajabu: umeme ukikatika, mara linawaka lenyewe, mara stata inalia kivivu, linajaribu mara tatu, linakata tamaa. Ukifika wewe ukabonyeza kitufe, linawaka kama halijawahi kuugua!

Mimi na ujuaji wangu wa chuo nikapima betri. Ni mbili za volti 12 zimeunganishwa kupata 24. Mita ikasoma 25.4. Nikasema zimechoka hizi, tubadilishe. Mzee akanitazama tu. "Haya Injinia, badilisha." Tukafunga mpya, likawaka. Kwenye daftari la matengenezo nikaandika kwa mwandiko mzuri: LIMEPONA. Nikaweka na sahihi.

Siku ya tisa, saa nane usiku, simu. Nimefika, wodi ya wazazi inamulikwa kwa tochi za simu. Mama mmoja alikuwa anajifungua. Mtoto alitoka salama, Alhamdulillah, lakini muuguzi alitoka nje, mikono bado ina glavu, akaniuliza kwa upole: "Mdogo wangu, si mlisema limepona?" Sikuwa na jibu. Afadhali angenitukana.

Asubuhi nikamwamkia Mzee, shikamoo yenyewe haitoki vizuri. Hakunigombeza. Akanipa daftari la walinzi, lile la kuandika umeme umekatika saa ngapi na kurudi saa ngapi. "Ugonjwa wa kuja na kuondoka hauutafuti kwa spana, mwanangu. Unautafuta kwa saa. Soma."

Nikasoma mpaka jioni. Mara zote nne lilipogoma, lilikuwa limezimwa muda usiofika saa moja nyuma. Umeme umekatika, limefanya kazi, umeme umerudi, limezimika, umeme umekatika tena: hapo ndipo linagoma. Kumbe lilikuwa linagoma likiwa la moto! Na majaribio yetu ya kila Jumatatu tulikuwa tunayafanya likiwa baridi.

Kesho yake tukaliendesha saa nzima na mzigo, tukalizima, tukasubiri dakika kumi. Mzee akaniambia niweke mkono mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye chuma cha injini. Mita ikasoma sifuri. "Usishangilie," akasema, "hapo umeme haupiti." Akawasha. Stata ikalia kivivu, mita ikaruka mpaka volti 5!

Wadau wa uhandisi mmeshaelewa. Stata kubwa inakula mamia ya ampea. Ikivuta ampea 500, ukinzani wa omu 0.01 tu unakula volti 5. Na kadiri betri inavyoshuka wakati wa kuwasha, stata inabaki na njaa. Betri zilikuwa hazina kosa.

Tukafuata kebo ya hasi mpaka inapofungwa kwenye injini. Bolti imelegea kwa mtikisiko, chini yake kutu na rangi. Joto likiongezeka, mgusano unazidi kuwa mbaya. Likipoa, unarudi. Tukafungua, tukasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, tukakaza. Nikataka kufunga vifaa. Mzee akasema bado, tulipime katika hali ileile lililogomea. Tukaliendesha, tukalizima, tukaliwasha la moto, mara tatu. Mita haikufika hata nusu volti.

Nikachukua daftari niandike. Kalamu ikasita. Mwisho nikaandika: "Limegundulika, limerekebishwa, limepimwa la moto mara 3." Nikarudi na kwenye ukurasa wa nyuma, nikapiga mstari juu ya lile LIMEPONA langu.

Betri mbili nzima nilizozing'oa ziligharimu hela ya hospitali, na hilo linaniuma mpaka leo. Sasa nikiona kitu kimewaka baada ya kukishika, naogopa kwanza.

Haya, jenereta la hosteli limewaka. Sijui kwa nini, na hilo ndilo tatizo. Nawakilisha!