Shela la Bi Harusi na Kompyuta Iliyokosa Kasha

 

Mmezoea nikiwaandikia habari za mashela na magauni, leo nawaletea habari ya kompyuta. Nivumilieni, mwisho wake ni harusi.

Mimi mzaliwa wa Unguja, ndoa ndiyo iliyonileta Karatu, mji wa baridi na vumbi jekundu, njiani kwenda Ngorongoro. Mume wangu anaendesha watalii, mimi nina duka la kushona na kudarizi. Mashine ya kudarizi niliinunua kwa fundi mzee wa Arusha aliyekuwa anaacha kazi, pamoja na kompyuta yake ya miaka ya 1990. Maua yote yamo ndani ya kompyuta hiyo, na hupita kwenye waya mnene kwenda kwenye mashine. Kompyuta za siku hizi nyingi hazina hata tundu la waya ule.

Siku tisa kabla ya harusi ya binti mmoja wa hapa, rafu ya dukani ilivunjika, kompyuta ikaanguka. Kasha likajikunja mgongo.

Binti huyu ni yatima wa mama. Miaka minane nyuma nilimdarizia marehemu mama yake mtandio wenye ua la mbuni alilolichora mwenyewe kwa penseli. Alikulia kwenye mashamba ya kahawa ya huku, na ua la kahawa ni jeupe, linafanana na asumini yetu. Binti alitaka ua lile lile kwenye shela lake. Karatasi ilishapotea, mtandio ulishachakaa, ua limebaki kwenye kompyuta tu. Na pesa ya kianzio nilikuwa nimeshaila. Usiku ule sikulala.

Asubuhi nikamwita kijana anayetengeneza simu na kompyuta karibu na stendi. Akautoa ule ubao mkubwa wa ndani, wenyewe wanauita mazabodi, akaulaza juu ya kadibodi, akauwasha. Ukalia "pii" moja fupi. "Dada, mzima huu. Umekosa nyumba tu." Alhamdulillah. Lakini kuuacha wazi, kwa vumbi letu, nyuzi za dukani na watoto wanaopita, haikuwezekana.

Mume wangu akapata kasha tupu kwenye hoteli moja ya huko juu, ukingoni mwa kreta, walikokuwa wanatupa kompyuta za ofisini. Akaliteremsha kwenye Land Cruiser, limefunikwa blanketi.

Kumbe si kila kasha linaingia kila mazabodi. Yangu ni ya mtindo wa AT, ulioanza na IBM mwaka 1984. Kasha lilikuwa la ATX, mtindo uliotolewa na Intel mwaka 1995. Kijana akatazama, akasema, "Tutoboe mazabodi kidogo, ikae." Nikamshika mkono! Ndani ya ubao ule mna njia za umeme nyembamba kama nywele. Mshonaji hamkati bi harusi ili gauni limtoshe. Kinachokatwa ni kitambaa.

Basi tukapima kama tunavyopima mteja. Nikauwekea ubao karatasi, nikachora matundu yake, nikailaza karatasi ndani ya kasha. Matundu matatu yalilingana, mawili hayakulingana. Palipolingana tukaweka vinguzo vya shaba. Vinguzo vingine vyote tukaving'oa, maana nguzo ya chuma ikigusa mgongo wa ubao pasipo na tundu, umeme unapita pasipotakiwa na ubao unaungua. Pembe zilizobaki tukaziegemeza kwa vinguzo vya plastiki vilivyokatwa miguu.

Kule nyuma, kasha lina dirisha pana, na mazabodi yangu ina tundu moja la duara la kibodi. Nikakata kipande cha bati la kopo la maziwa kwa mkasi nikaziba, nikaacha nafasi ya kibodi.

Kazi ya hatari ilikuwa umeme. Kasha la ATX lina kitufe kidogo kinachobeba umeme hafifu. Kompyuta yangu inawashwa kwa swichi nzito inayopitisha umeme wenyewe wa ukutani, volti 230. Kijana alitaka kuunga nyaya zile nene kwenye kitufe kile. Tukabishana, mwisho akakubali kuhamisha swichi ya zamani. Boksi la kugawa umeme nalo tulihamisha la zamani, na kwa bahati skrubu zake nne zilikaa sawasawa. Lina plagi mbili zinazoingia kwenye mazabodi kwa kufuatana, na ukizibadilisha umeiua. Alama ni moja: nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Nikazitazama mara tatu, nikasema Bismillah.

"Pii."

Saa ilikuwa imerudi mwaka 1980, betri ndogo imekwisha. Tukabadilisha betri, tukarekebisha tarehe, nikafungua faili. Ua la mbuni likatokea kwenye skrini, petali tano, na jani moja mama yake alilolipinda kidogo kwa makosa. Siku ile mama yule aliniambia nisilinyooshe.

Sikulinyoosha. Shela likatoka siku mbili kabla ya nikaha. Binti alipolipokea alipitisha kidole juu ya lile jani lililopinda, akanyamaza muda mrefu. Nami sikusema kitu.

Wapenzi, mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya harusi kijana aliichomoa diski, akanakili maua yangu yote kwenye flashi mbili, moja dukani na moja nyumbani. Ningefanya hivyo miaka minane nyuma nisingekosa usingizi. Nawe bi harusi, kama una kitambaa cha mama au bibi, kipige picha leo, kipime, kiandike, mpe mtu wa pili akutunzie. Nawe mshonaji mwenzangu, kianzio cha mteja ni amana, usikile kabla kazi haijawa mkononi. Hilo najiambia na mimi mwenyewe.

Allah awarehemu mama zetu waliotangulia, na azitie baraka ndoa zenu. Amin.